Mashangazi Sita na Gunia Linalopaa

Molo, 27 Agosti 2007

Kwa Dada Reena,

Salamu kutoka baridini. Mimi ni Muturi, yule mpiga video wa arusi ya binamu yako Sachin, aliyeishiwa na kanda maarusi wakiwa wamezunguka moto mara mbili. Wewe ndiye uliyenikimbilia kanda mpya, ukamwambia pandit, yule kasisi wenu, arudie mzunguko wa tatu polepole. Sijasahau. Nadhani hata maarusi hawajasahau.

Siku hiyo ulinionyesha kikombe cha chai ulichokichora kwa kompyuta, kikipaa juu ya Ziwa Nakuru. Nimekikumbuka kwa sababu sasa nina kitu cha kupaisha.

Nimepiga filamu. Si arusi wala matanga, ni filamu yenyewe. Bibi mmoja wa huku kwetu amevuna viazi, mvua inanyesha, barabara imekuwa uji na lori halipandi. Anangoja siku tatu. Siku ya nne anakalia gunia lake, anajifunga shuka vizuri, gunia linanyanyuka na kupaa juu ya mashamba mpaka sokoni Nakuru. Bibi huyo ni Cucu Wariara, mama mzazi wa baba yangu. Tulimkalisha juu ya gunia, gunia juu ya pipa, nyuma yake pazia la kijani, nami nikawa nampepea kwa karai ili shuka liruke.

Tatizo ni kupaa kwenyewe. Nilimpa kazi mtu wa Nairobi. Akarudisha sekunde kumi na mbili ambazo gunia linapaa vizuri sana, ila Cucu hana kichwa. Nilipomuuliza akasema, "Boss, si mimi, ni mashine imefanya hivyo." Cucu aliitazama mara mbili, akaenda kukama ng'ombe. Nikaapa kwamba kazi ya Cucu haitaachiwa mashine tena. Nataka watu, wenye macho na bibi zao wenyewe.

Na nina siku iliyopangwa. Baba yangu, Mzee Kinyanjui, ametaka filamu ionyeshwe katika ukumbi wa kanisa Jumapili tarehe 28 Oktoba, baada ya ibada ya mavuno. Gunia likipaa, niendelee na kamera. Lisipopaa, kamera inauzwa, nami narudi kwenye lori lake kushona midomo ya magunia. Nimeshona magunia miaka sita, Dada Reena. Naweza kushona nikiwa usingizini, na sitaki.

Kanda inakuja na Ndung'u, dereva wetu wa viazi, anayeshuka Nakuru kila Jumanne. Huku simu inashika juu ya kilima tu, na kilimani kuna fahali wa jirani, kwa hiyo tuandikiane.

Wako,
Muturi wa Kinyanjui


Nakuru, 4 Septemba 2007

Kaka Muturi,

Kanda imefika. Ina udongo kidogo lakini ni nzima.

Kichwa cha Cucu nimeona kilikokwenda. Pazia lako ni la kijani, na kitambaa alichojifunga kichwani ni cha kijani kilekile. Mtu wa Nairobi aliamuru kijani chote kiondolewe, kikaondoka chote. Ukabaki uso peke yake unaelea, na nadhani aliuonea aibu akaufuta. Mashine haikukosa. Ilifanya ilichoambiwa. Je, Cucu anaweza kukaa tena juu ya pipa bila kitambaa?

Kazi naichukua. Watakaochora ni Champa, Manjula, Kokila, Hansa, Pushpa na Jasmin, chini ya usimamizi wangu. Ni wavumilivu wote sita na hawaulizi maswali. Sekunde zako kumi na mbili ni picha mia tatu, na kila picha humchukua mmoja wao saa nzima. Wanapatikana Jumapili tu. Tafadhali usipige simu dukani kwa baba yangu.

Reena Shantilal


Nakuru, 4 Septemba 2007

Dhruvbhai, kaka yangu,

Nimedanganya kidogo, na nahitaji zile CD zako sita za Linux ulizoletewa kwa posta.

Kuna kijana wa Molo ana filamu, na bibi yake lazima apae kwa gunia. Nimemtazama huyo bibi, amekalia pipa kana kwamba ni kiti cha diwani, na nimeamua atapaa. Shida ni kwamba kijana ameapa hataki mashine. Anataka watu. Basi nikampa watu. Nimemwandikia majina ya shangazi zetu wote sita.

Ni zile kompyuta sita ambazo wateja hukodi dukani kwa Baba, Dhruvbhai. Zikiunganishwa, kila moja lazima iwe na jina ili nijue ipi imechora picha ipi, na mimi nilikwisha kuzipa majina ya dada zake Baba tangu zamani, maana tabia ni zile zile. Champa ndiyo kuukuu kuliko zote, inanguruma kama Shangazi Champa akipanda ngazi, lakini haijawahi kukataa kazi. Jasmin ni mpya, ina haraka na inasahau.

Programu zinazouzwa zinataka leseni kwa kila mashine. Hii yetu ni ya bure, haiulizi una mashine ngapi. Tena nikiweka CD, kompyuta inaamkia Linux bila kugusa chochote kilichomo ndani. Jioni naitoa, na Jumatatu wateja wanaikuta Windows yao ileile, haijui kwamba nyumba ililala wageni. Baba naye hajui. Ananiona nikishuka dukani kila Jumapili na ufagio, na anawaambia watu hekaluni kwamba Nakuru nzima hakuna msichana anayependa kufagia kama mimi.

Reena


Naivasha, 10 Septemba 2007

Reena,

CD hizi hapa. Kumbuka feni ya Champa ni mbovu tangu mwaka juzi.

Na huyo mtu wa Molo mwambie ukweli upesi. Mimi nafanya kazi shamba la maua na watu wa kutoka huko juu, nawajua. Ukiwaambia una wafanyakazi sita, watakuletea chakula cha watu sita.

Dhruv


Molo, 17 Septemba 2007

Kwa Dada Reena na kina dada wote sita,

Ndung'u amebeba gunia moja la waru, viazi vyetu vya huku, kabichi sita na mtungi wa maziwa. Huku kwetu mtu hafanyi kazi yako halafu akale chakula chake mwenyewe, hata kama analipwa. Tungeaibika. Kabichi ni moja kwa kila mtu, wasigombane.

Kuhusu kitambaa, nilimuuliza Cucu. Akasema, "Hiki ni kitambaa cha kikundi chetu cha kina mama. Nipae kichwa wazi, Mungu anitambue vipi huko juu?" Basi hakivuliwi.

Cucu anauliza pia vipimo vya mabega ya kina dada, maana ameanza kufuma sweta. Tayari ameliambia soko lote kwamba amepaa. Mtu akimuuliza ilikuwaje, anasema, "Kuna baridi."

Muturi


Nakuru, 25 Septemba 2007

Kaka Muturi,

Asanteni kwa chakula. Kabichi hazikugombaniwa.

Kitambaa nimekifuata mwenyewe kwa mkono, picha baada ya picha, mia tatu, ili kijani cha Cucu kibaki na kijani cha pazia kiondoke. Macho yangu sasa yanaona kitambaa hata nikifumba. Jumapili tulianza kuchora, na kichwa kipo. Nimekihesabu katika kila picha.

Tumepungukiwa kidogo kwa sababu Champa alipata joto kali saa sita mchana akazimia. Nilimfungua mgongo, nikampuliza vumbi, nikamwekea feni ya jikoni. Baada ya nusu saa aliamka akaendelea na picha ileile aliyoiacha. Msiwe na wasiwasi.

Sweta msijisumbue. Wanalingana wote, hawana mabega ya kupimwa, na hawahisi baridi kabisa.

Reena


Molo, 1 Oktoba 2007

Kwa binti yangu Champa, kwa Shantilal, Nakuru,

Naandikiwa na Muturi, nami nimemwambia asibadilishe neno.

Nasikia ulizimia ukinichora, wakakufungua mgongo wakakupuliza. Mimi niliwahi kuzimia katika shamba la pareto nikiwa msichana, wakanipuliza vilevile. Haisaidii. Kinachosaidia ni uji wenye maziwa, na kuketi.

Usikimbize hii kazi. Ni kweli mjukuu wangu anaogopa kurudi kwa magunia, na mimi ndiye namwogopea zaidi, kwa sababu alipokuwa akishona magunia hakuwa akiongea nyumbani. Sasa anaongea mpaka tunamnyamazisha. Lakini hata yeye hataki mtoto wa mtu aanguke kwa ajili yetu.

Mama yako yuko? Jumapili wanakupa chakula kabla ya kazi ama baada? Nijibu mwenyewe, usimpe huyo msimamizi wako anayesema hamhisi baridi. Hakuna mtu asiyehisi baridi.

Ni mimi Wariara, wa kwenye gunia


Nakuru, 9 Oktoba 2007

Kwa dada mkubwa Wariara,

Barua yako ilipokelewa na ndugu yangu Shantilal, Reena akiwa kwa daktari wa meno. Alinipandishia huku ghorofani akidhani ni watu wanaomba mchango.

Mimi si binti. Nina miaka sabini na mmoja, ni mjane, na naishi na ndugu yangu juu ya duka lake. Mama yetu alifariki zamani, asante kwa kumuuliza.

Si yote niliyoelewa. Kukuchora sikumbuki, ila siku hizi nasahau mambo. Kuzimia ndiyo, mwezi wa sita, pale ngazini. Nilijiinua mwenyewe na sikumwambia mtu, kwa hiyo sijui wewe wa Molo umejuaje.

Kazi ya Jumapili ni kweli naifanya. Watu kumi na mmoja hula hapa Jumapili, nami nakanda unga wa chapati kuanzia saa moja asubuhi. Nakula baada. Tangu mume wangu aondoke, hakuna aliyewahi kuniuliza kama nakula kabla ama baada. Mstari huo niliusoma mara tatu, nikalia kidogo, kisha nikacheka kwa sababu unga ulikuwa umenikaukia mikononi.

Nimejaribu uji wa maziwa. Magoti yamepata nafuu. Na kwa nini uko juu ya gunia?

Champa


Molo, 15 Oktoba 2007

Dada Reena,

Miaka sabini na mmoja!

Umempa bibi wa miaka sabini na mmoja kazi ya kuchora, baada ya kuwakandia watu kumi na mmoja unga, na magoti yake ni mabaya, na hata hakumbuki kama amechora! Hao wengine wana miaka mingapi? Manjula anaona?

Cucu amekasirika mpaka amekataa chai. Amesema kama kupaa kwake kunabebwa na mgongo wa bibi mgonjwa, yeye anashuka sasa hivi na filamu ibaki na gunia tupu. Nimemwambia bado siku kumi na tatu. Amesema hata ingekuwa moja.

Nataka kamera yangu, Dada Reena, wewe unajua jinsi ninavyoitaka. Lakini sitaki hivi. Niambie ukweli wa hiyo studio yako.

Sweta ndizo hizi, zilikuwa zimekwisha kufumwa. Kila moja ina jina kifuani. Na viti sita vya mbele ukumbini nilikwisha kuviandikia majina yao, mbele ya kiti cha mchungaji.

Muturi


Nakuru, 22 Oktoba 2007

Kaka Muturi,

Ukweli ni huu. Champa, Manjula, Kokila, Hansa, Pushpa na Jasmin wanaomchora Cucu ni kompyuta sita za duka la baba yangu. Hakuna mtu hata mmoja kati yao. Uliapa hutaki mashine, nami nilitaka kazi hii kuliko nilivyotaka kusema kweli. Viazi vyenu tumevila. Nisamehe.

Majina ni ya shangazi zangu. Wako hai wote sita, na Shangazi Champa aliyemwandikia Cucu ni mtu kweli kabisa. Barua ilimfikia yeye, na mimi nilijua jana tu. Ngoja nikueleze ya jana.

Jana ilikuwa Dussehra, siku ambayo sisi hubariki vyombo vya kazi. Fundi hubariki nyundo, dereva gari lake, na Baba hubariki kompyuta. Kila mwaka hufanya jioni. Kufikia Jumamosi, sikukuu ya Kenyatta, duka likiwa limefungwa, tulikuwa na picha 246, zimebaki 54 tu, kazi ya Jumapili moja. Nikaziwasha saa mbili asubuhi, nikapanda juu kunywa chai nikiwa na furaha ya mtu aliyemaliza.

Kumbe zile sweta zilipofika Jumanne, barua yako ikiwa imekunjwa ndani yake bila mtu kuiona, alizipokea Baba. Akasoma majina ya dada zake sita, akawapigia simu wote, mpaka wa Eldoret, waje Dussehra waeleze ni nani huko Molo anayewapenda kiasi hiki. Wakafika asubuhi na mapema. Kwa sababu wamefika, Baba akaamua kubariki asubuhi. Vyombo kwanza lazima vipumzike. Akashuka, akazikuta kompyuta zinawaka Jumapili zinakula stima, akazima swichi kubwa.

Niliposhuka alikuwa tayari amezitia alama nyekundu na maua, na alikuwa akirusha punje za mchele. Champa haina kifuniko tangu siku ya joto. Mchele wote wa Champa uliingia kwenye feni.

Kisha Baba akaziwasha ili ziamke na baraka. CD zangu zilikuwa bado ndani. Skrini zikaja nyeusi, kila moja na jina lake juu: manjula, kokila, hansa, pushpa, jasmin. Ya Champa ikatoa mlio wa mashine ya kusaga ikanyamaza. Shangazi wote sita walikuwa wamesimama mstari, wamevaa sweta zenu juu ya sari, kila mmoja anasoma jina lake kifuani na anasoma jina lake kwenye kioo. Shangazi Kokila akauliza, "Shantilal, hizi ni maombi ama ni nini?"

Sikuwa na pa kujificha. Niliwafungulia picha ya Cucu angani. Baba akafungua kinywa ili anifukuze nyumbani, nadhani, lakini Shangazi Champa alimpita, akaisogelea skrini mpaka pua ikaigusa. Akasema, "Huyu ndiye Wariara?" Nikasema ndiye. Akasema, "Mbona hamkuniambia ameshapaa?" Kisha akaketi mbele ya mashine iliyokufa yenye jina lake, akamwambia Baba kwamba hakuna chapati itakayokandwa katika nyumba hii mpaka dada yake afike sokoni.

Kaka Muturi, aliyemkata Cucu kichwa alikuwa mtu. Waliomrudishia kichwa ni mimi na mashine hizi. Ukisema basi, nitaacha. Lakini naomba usiseme.

Reena


Nakuru, 23 Oktoba 2007

Bw. Muturi Kinyanjui,
Molo

Bwana,

Kuhusu: Filamu yako iliyo ndani ya duka langu

Nimegundua kuwa biashara yangu imekuwa ikitengeneza filamu tangu mwezi uliopita bila mwenyewe kujua. Nimegundua pia kwamba binti yangu hapendi kufagia.

Sijala chapati kwa siku mbili. Kutokana na hali hiyo nimeamua duka litafungwa Jumamosi tarehe 27 kuanzia saa mbili asubuhi, na kompyuta zote zifanye kazi yako. Mashine inayoitwa Champa imetolewa mchele lakini haijapona, kwa hiyo zitakuwa tano. Hii Linux nimeichunguza mwenyewe. Nilitaka kujua inauzwa na nani ili nimlalamikie, nikaambiwa ni bure na haina mwenyewe. Sijawahi kuona biashara ya namna hiyo, na bado naitafakari.

Kwa kuwa lori lako haliji mpaka Jumanne, diski nitaileta mimi mwenyewe Jumapili. Nitakuwa na abiria sita ambao wamesikia kuna viti vyenye majina yao. Nimewaambia viti hivyo ni vya kompyuta. Wamesema kompyuta hazikai.

Wako mwaminifu,
Shantilal


Molo, 30 Oktoba 2007

Dada Reena,

Hukupata jibu langu kwa sababu nilipanda kilimani kukupigia simu. Barua yako ilinipandisha hasira, nilitaka kukwambia basi, imekwisha, rudisha kanda. Fahali alinikuta kabla mtandao haujashika. Nilikaa juu ya mti wa mkaratusi kutoka saa nane mpaka wakaja kumfungia, na huko juu nikakumbuka kwamba ni mtu aliyeniambia "ni mashine imefanya," na ni wewe uliyefuata kitambaa mara mia tatu. Niliposhuka sikuwa na hasira tena. Nilikuwa na njaa.

Baba yako hakutaka uache duka bila mtu Jumapili baada ya yale yaliyotokea, kwa hiyo nikusimulie kama ulikuwepo.

Gari lilifika ibada inakwisha. Wakashuka shangazi zako sita, sari chini, sweta za Cucu juu, wakitetemeka meno. Cucu alikuwa mlangoni. Akawakagua mabega, akasema, "Alisema hawahisi baridi." Kisha akauliza, "Champa ni yupi?" Hawakupeana mikono. Walishikana tu hapo mlangoni, mmoja Mkikuyu wa miaka sabini na sita, mwingine Mhindi wa sabini na mmoja, wakizuia kanisa lote kuingia ukumbini, na mchungaji akabaki nje kwenye manyunyu.

Baba yako alinipa diski na habari mbaya pamoja. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima Jumamosi saa kumi, picha zikafika 289. Zimebaki kumi na moja. Nikamtazama Baba yangu, tayari ameketi, mikono juu ya fimbo. Nikawasha.

Gunia likanyanyuka, Dada Reena. Likatoka kwenye matope, lori likabaki chini na Ndung'u akikuna kichwa, na Cucu akapaa juu ya mashamba, kichwa kipo, kitambaa kipo, shuka linapiga upepo wa karai langu kama upepo wa kweli. Kikundi cha kina mama walipoona kitambaa chao angani walipiga vigelegele mpaka sauti ya filamu haikusikika. Akapita Mlima Menengai, akapita ziwa, akaanza kushuka juu ya soko. Watu wakainua miguu kama wao ndio wanaotua. Na akiwa amebakiza kimo cha mbuzi kufika chini, picha ikasimama.

Cucu yuko ukutani, kinywa wazi, hajafika. Baba akasimama. Nilianza kuhisi sindano ya magunia mkononi.

Akasema, "Mbona hatui?"

Nikasema, "Baba, picha kumi na moja hazikuisha."

"Kwa hiyo umemwacha mama yangu juu?"

"Ndiyo, Baba."

"Mbele ya kanisa?"

Nikasema ndiyo. Akaunyooshea ukuta fimbo, chini ya miguu ya Cucu, kana kwamba anampimia umbali. Akageukia watu akasema, "Sasa msikie nyote. Hiyo kamera haitauzwa. Huyu hatashona gunia hata moja mpaka amshushe mama yangu salama." Akaketi. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Rudisha pale mwanzo, anapoacha lori." Tuliitazama mara nne.

Baba yako aliomba jina la duka liandikwe mwishoni. Nimeandika Shantilal, na chini yake wote sita, mashine na watu, kwa kuwa majina ni yaleyale na hakuna atakayedai ameachwa.

Baba yako anasema umemwambia zilizobaki ni kazi ya saa mbili. Mimi nakuachia wewe.

Muturi


Molo, 30 Oktoba 2007

Kwa Champa, dada yangu,

Leo naandikiwa na mtoto wa jirani, Wachuka, maana haya Muturi asiyaone.

Nafurahi ulifika salama, na kwamba sasa unakula kabla. Sweta ukiifua usiianike juani.

Ulimsikia mwanangu Kinyanjui. Mbele ya kanisa lote amesema kamera haiuzwi mpaka nishuke. Neno lake halirudi nyuma, namjua, nimemzaa. Sasa nasikia msichana wenu anaweza kunishusha kwa saa mbili tu, na ni mtoto mwenye bidii.

Mimi huku juu niko sawa. Sina haraka. Muturi anaongea tangu asubuhi, ameanza kunieleza filamu nyingine, kuna ng'ombe.

Kwa hiyo, dada, siku utakapomwona Reena anashuka dukani na ufagio, wewe unajua mchele unatiwa wapi.

Wariara